Silaha za Taifa Dogo

Nungunungu hana nguvu za simba, wala hazitamani. Lakini simba mwenye njaa humtazama mara mbili kabla ya kumtia kinywani. Jeshi la taifa dogo ni miiba ya namna hii. Kazi yake si kushinda vita peke yake, jambo ambalo hesabu hailikubali, bali kumwonyesha mwenye nguvu kuwa kumeza kuna gharama, na kustahimili mpaka rafiki afike.

Estonia, nchi ya watu wapatao milioni 1.3 ukingoni mwa Bahari ya Baltiki, ililipata somo hili kwa uchungu. Mwaka 1939 ilikuwa na jeshi, nyambizi 2, na jemadari mwenye sifa, Johan Laidoner, aliyeongoza vita vya kupigania uhuru wa nchi hiyo kati ya 1918 na 1920. Septemba mwaka ule Urusi ya Kisovieti ilidai vituo vya kijeshi katika ardhi yake, ikapewa. Juni 1940 ikadai mengine yote, ikapewa pia. Kikosi kimoja tu cha mawasiliano, katika mtaa wa Raua mjini Tallinn, kilikataa kuweka silaha chini, kikapigana kwa saa chache. Wafini, waliodaiwa mambo yaliyofanana na hayo, walipigana. Walipoteza ardhi na watu wengi, lakini dola yao ilibaki. Si haki kumhukumu kwa haraka jemadari aliyetaka kuiokoa damu ya watu wake. Ila damu yenyewe haikuokoka: maelfu ya raia walihamishwa kwa nguvu hadi Siberia mwaka 1941, na tena 1949, naye Laidoner alifia gerezani Urusi mwaka 1953.

Uhuru uliporudi mwaka 1991, jeshi lilianzwa upya karibu na mikono mitupu. Hata leo halina ndege za kivita za kulinda anga; kazi hiyo hufanywa kwa zamu na wenzake wa NATO tangu 2004. Halina vifaru vizito pia. Fedha yake imekwenda katika mizinga ya kujiendesha kutoka Korea ya Kusini, magari ya deraya kutoka Uholanzi, na makombora ya kutoboa vifaru ambayo askari huyabeba begani. Zana hizi ni za mwenye kungoja nyumbani kwake, si za mwenye kwenda kuteka kwa jirani. Zaidi ya zana wako watu: vijana wa kiume huitwa jeshini kwa sheria, kisha hurudi makazini huku majina yao yakibaki katika daftari la akiba, hata seremala wa leo akawa mpiga mizinga kesho. Na mwaka 2007, mitambo ya kompyuta ya serikali, mabenki na magazeti iliposhambuliwa, ilibainika kuwa mpaka wa nchi haupiti tena nchi kavu na baharini tu.

Januari 2023 Estonia ilitangaza kuwa itaipa Ukraine, iliyokuwa vitani na Urusi, mizinga yake yote ya kukokotwa ya milimita 155. Asiyejua habari za 1940, mizinga ilipokaa kimya, huenda akauona uamuzi huo kuwa wazimu.