Ai Weiwei na Nondo za Sichuan

Ai Weiwei alizaliwa Beijing katika mwaka wa 1957. Kabla hajajua kusema vizuri, baba yake, mshairi Ai Qing, alikwisha hesabiwa miongoni mwa maadui wa chama na kupelekwa mbali pamoja na jamaa yake. Huko Xinjiang mtunga mashairi huyo alipewa kazi ya kusafisha vyoo, na kwa muda jamaa nzima ilikaa katika shimo lililochimbwa ardhini. Mtoto aliyekulia humo hakuhitaji kusimuliwa jinsi dola iwezavyo kulifuta jina la mtu.

Tangu 1981 mpaka 1993 alikaa Marekani. Alirudi kwa ajili ya ugonjwa wa babaye, na ndipo ulipoanza uchokozi uliomtangaza. Mwaka 1995 alishika mtungi wa zama za Han, wenye umri wa miaka 2,000 hivi, akauachia ukavunjika, na tendo hilo likahifadhiwa katika picha tatu. Wanaomtetea husema kuwa aliisuta nchi ambayo yenyewe, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, ilivunja mambo yake ya kale kwa amri. Hoja hiyo ina nguvu. Walakini kuvunja ni kazi ya nukta moja, na kila mwenye mikono aiweza. Mwaka 2014 msanii mmoja wa Miami alivunja chombo cha Ai mwenyewe katika jumba la makumbusho, penye picha zile zile, na Ai hakupendezwa!

Ukubwa wake hauna budi kutafutwa kwingine. Tarehe 12 Mei, 2008 nchi ilitetemeka katika jimbo la Sichuan. Shule nyingi ziliporomoka, nyingine hali majengo ya jirani yamesimama, na wazazi wakanung'unika kwamba zilijengwa kwa hila. Wakubwa hawakutaka kutaja watoto waliokufa. Basi Ai akakusanya watu wa kujitolea, wakaenda mji kwa mji na mlango kwa mlango, wakiuliza jina, umri, shule na darasa. Walirudi na majina zaidi ya 5,000, nayo yakatangazwa katika intaneti. Orodha ile haikuwa na rangi wala nakshi, lakini hapana kazi yake nyingine iliyowatia wakubwa hofu kama hiyo.

Malipo yake yalikuwa mazito. Agosti 2009, mjini Chengdu, polisi alimpiga kichwani. Mwezi uliofuata alipasuliwa huko Munich kwa sababu ya damu iliyovuja ndani ya fuvu. Katika mji huo huo alifunika uso wa jumba la maonyesho kwa mikoba 9,000 ya watoto wa shule. Aprili 2011 alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Beijing, akafungwa siku 81, walinzi wawili wakimtazama hata usingizini. Pasi yake ya kusafiria hakurudishiwa mpaka Julai 2015.

Wakati huo nondo zilizopotoka, zilizotoka katika vifusi vya shule zile, zilikuwa zimeletwa Beijing. Mafundi walizigonga kwa nyundo, moja moja, mpaka zikanyoka kama zilivyokuwa kabla ya kujengewa. Kazi ilianza 2008 ikaisha 2012. Mwaka 2015 tani 90 za vyuma hivyo zililazwa sakafuni mjini London, tabaka juu ya tabaka, na ufa umeachwa kati yake. Na ukutani pakaandikwa majina ya watoto.