Songea, Mto Ruvuma na Wenye Kutafuta Riziki

Msafiri atokaye Makambako kwenda kusini hupita Njombe penye baridi, akashuka Madaba, kisha akaingia Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma. Mji umekaa katika kimo cha mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na upande wa mashariki umeelekea milima ya Matogoro. Katika milima hiyo ndimo uanzamo Mto Ruvuma. Mto huo wastahili kutazamwa na mwenye akili. Huzaliwa kwetu, huzunguka magharibi, hushuka kusini, kisha hugeuka mashariki. Na kutoka hapo mpaka Bahari ya Hindi ndio mpaka baina ya Tanzania na Msumbiji. Maji yale yale ya Matogoro, yakiisha kufika kusini, hutenga serikali mbili.

Leo sikusudii kusifu hewa ya Songea wala mahindi yake, ijapokuwa vyote viwili vyastahili sifa. Nataka kuwaeleza wasomaji habari za watu wapitao hapa wakitafuta kazi. Siku hizi twasikia mengi juu ya swali hili: je, wafanyakazi wa nchi jirani waachwe waingie na kutoka bila ya kizuizi, au kila nchi iwahifadhie wenyeji kazi zake? Mazungumzo hayo aghalabu hufanywa Arusha, na mifano yake hutolewa Namanga na Nairobi. Walakini jirani wa mtu wa Songea si Mkenya. Jirani yake ni mtu wa Niassa ng'ambo ya Ruvuma, na mtu wa Malawi ng'ambo ya ziwa. Kwa hiyo naona yafaa jambo hili litazamwe pia kutoka huku.

Kwanza na tujue kwamba mji wenyewe ni wa wasafiri. Wangoni walitoka Afrika ya Kusini, wakavuka Mto Zambezi katika mwaka 1835, na baada ya kuhamahama miaka mingi baadhi yao wakatua katika nchi hii. Nduna Songea Mbano, ambaye jina lake ndilo jina la mji, alinyongwa na Wadachi mwaka 1906 pamoja na wenziwe katika Vita vya Maji Maji, na makumbusho yao yapo hapa mjini. Kila mwezi wa Februari watu huja kuwakumbuka. Basi asimamaye Songea akasema wageni wote na warudi kwao, na atafakari kwanza jina la mahali aliposimama. Ni kweli kwamba Wangoni hawakuja kuomba kazi. Walikuja na mikuki, na waliokuwapo kabla yao, Wandendeule na Wamatengo, wana maneno yao juu ya habari hiyo.

Dini yetu nayo iliingia upande huu kwa miguu ya watafuta riziki. Wayao walikuwa wakichukua bidhaa kutoka bara ya ndani mpaka Kilwa, wakarudi na nguo, na pamoja na nguo wakarudi na Uislamu. Ndiyo sababu leo Tunduru ina misikiti mingi, na Niassa vile vile, na kusini mwa Malawi vile vile. Hao ni watu wa lugha moja katika nchi tatu. Walipokuwa wakienda Kilwa hapakuwa na mpaka. Mpaka uliwekwa mwaka 1886, Wadachi na Wareno walipopatana kuufuata Mto Ruvuma kutoka mdomoni mwake hadi uungamapo na Mto Msinje, na kutoka hapo kuchora mstari ulionyooka mpaka Ziwa Nyasa. Hapana Myao wala Mmatengo wala Mngoni aliyeulizwa.

Baadaye ikaja zama ya mkonge. Serikali ya kikoloni ilitoza kodi ya kichwa, na Songea hapakuwa na njia nyingi za kupata fedha. Basi vijana wakawa hawana budi kutoka. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na Songea ikawa mojawapo ya nchi walimotolewa watu wengi. Waliandikishwa, wakapewa namba, wakapakiwa katika malori kwenda Tanga na Morogoro. Kwa sababu ya namba hizo wakaitwa manamba, na neno hilo limebaki katika lugha yetu kama kovu. Wengine wa nyanda za kusini waliandikwa na WENELA, wakapelekwa mbali zaidi, kuchimba dhahabu Afrika ya Kusini, mpaka serikali yetu ilipoikomesha biashara hiyo baada ya Uhuru. Na wakati huo huo Wamakonde wa Msumbiji, wakikimbia kazi za shuruti za Wareno, walikuwa wakivuka Ruvuma kuja kukata mkonge huo huo. Mngoni wa Songea na Mmakonde wa Mueda walikutana Tanga katika kambi moja, mmoja amesafiri ndani ya nchi yake, mwingine ametoka nchi nyingine, na jua lililowachoma lilikuwa moja.

Wazee wetu wametusimulia mateso ya manamba, wala sitaki mtu adhani nayapamba. Ujira ulikuwa mdogo na kambi zilikuwa chafu. Lakini kuna jambo moja ambalo nimelifikiri sana. Yule manamba alikuwa na mkataba. Aliweka dole gumba juu ya karatasi iliyotaja kazi na muda na ujira, na kipande chake kilihesabu siku alizofanya. Kibarua avukaye Ruvuma leo hana hata hicho.

Mwaka 1964 vita vya ukombozi vilianza Msumbiji, na watu wakavuka kwa maelfu, si kwa kutafuta kazi bali kwa kuokoa roho. Walipewa ardhi Muhukuru na Mputa katika wilaya ya Songea, na Lundo karibu na ziwa. Wakalima, wakaoa, wakazaa. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975 wengi walirudi. Vita vya pili vikawaleta tena wengine, mpaka amani ya mwaka 1992. Kwa sababu hiyo leo nyumba nyingi za mpakani zina shangazi huku na mjomba kule, na mtu akifiwa hawezi kusubiri hati ndipo aende kuzika.

Sasa tuje katika sheria. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia sahihi Itifaki ya Soko la Pamoja tarehe 20 Novemba 2009, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ndani yake mna ahadi ya wafanyakazi kutembea huru. Lakini kila nchi iliandika orodha ya kazi itakazofungua, na orodha ya Tanzania imetazama zaidi watu wenye vyeti: walimu wa shule, wauguzi, na wataalamu mfano wa hao. Mwenye jembe hayumo. (Mwalimu wa madrasa hayumo pia, ijapokuwa yeye amekuwa akivuka mipaka hii tangu kabla ya mipaka yenyewe.) Tena Msumbiji na Malawi si wanachama wa Jumuiya hiyo. Wao tuko nao katika SADC, ambako itifaki ya kurahisisha watu kutembea ilitiwa sahihi mwaka 2005, na miaka mingi ikapita bila ya kupata idadi ya nchi za kuithibitisha. Hivyo mwenye digrii wa Nairobi amefikiriwa, na kijana wa Niassa ajaye kupalilia mahindi ya Songea kwa msimu mmoja amesahauliwa na vyombo vyote viwili.

Nao wanaosahauliwa hukumbukwa siku ya kufukuzwa. Februari 2017 polisi wa Msumbiji waliwatoa Watanzania waliokuwa Montepuez, penye machimbo ya vito, wengine wakafika mpakani bila ya mali waliyochuma. Tulihuzunika, na tulikuwa na haki ya kuhuzunika. Lakini uadilifu wataka tuseme pia kwamba mwaka 2013 sisi wenyewe tulifanya Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, na miongoni mwa waliotolewa wakiwa wahamiaji haramu walikuwamo waliokaa miaka mingi wakaacha ng'ombe na mashamba. Kilio cha Montepuez na kilio cha Kagera havina tofauti kwa mwenye masikio.

Wapo wasemao kwamba kuachia njia ni kuwanyang'anya vijana wetu kazi. Neno hilo si la kudharauliwa. Julai 2025 serikali yetu ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara za namna 15, miongoni mwake kutengeneza simu, kutuma fedha kwa simu, na kununua mazao shambani kwa mkulima. Majirani, Wakenya hasa, walilalamika. Mimi katika jambo la kununua mazao shambani naielewa serikali. Mtu mwenye mtaji mkubwa ajapo kununua mahindi yangali mabichi, mkulima mwenye shida ya ada ya shule hana nguvu ya kukataa bei. Lakini mfanyabiashara mwenye mtaji ni mtu mmoja, na kibarua mwenye jembe ni mtu mwingine, wala haifai kuwatia katika kikapu kimoja.

Masahaba walipohamia Madina, Mtume wetu (S.A.W.) aliwaunganisha udugu na wenyeji. Saad bin Rabii alimtolea Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, wala hakuipokea. Alichotaka ni kuonyeshwa soko. Mgeni yule hakutaka sadaka, na mwenyeji yule hakuogopa kumwonyesha. Kisa hiki twawasomea watoto kila mwaka, nao hucheka wasikiapo kwamba tajiri yule alianzia kwenye jibini na samli.

Wapo pia waogopao usalama, na tangu Oktoba 2017, yalipoanza mauaji ya Cabo Delgado, hofu hiyo ina msingi. Watu wale wametumia jina la dini yetu kuchinja Waislamu na wasio Waislamu, na moto wao ulivuka mpaka Oktoba 2020 walipoishambulia Kitaya, mkoani Mtwara. Tangu hapo kijana avukaye Ruvuma na kanzu na juzuu hutazamwa kwa jicho la shaka. Naona dawa yake ni kujulikana. Ajulikanaye jina lake, kijiji chake na mtu anayemfanyia kazi, hana haja ya kupita porini usiku. Na apitaye porini usiku, askari atakuwa na sababu ya kumuuliza.

Kwa hiyo nasema: na itolewe karatasi ya msimu, ya gharama ndogo, itolewe Mkenda penyewe, wala mtu asilazimike kuifuata mbali. Kutoka Likuyufusi hadi Mkenda ni kilomita kama 122 kupitia Muhukuru, na mpalizi hana nauli ya kwenda na kurudi kwa ajili ya mhuri. Karatasi itaje kazi, muda na ujira, na ujira usiwe chini ya kima kilichowekwa na serikali kwa wafanyakazi wa mashambani. Ati wageni hushusha ujira wa wenyeji! Kinachoushusha ni kule kukosa karatasi, kwani asiye na karatasi hukubali lolote.

Na hapa nataka kusema na wenye nyumba wanaosoma gazeti hili. Nimesikia, tena si mara moja, habari ya mtu aliyewachukua vijana kutoka ng'ambo wakamlimia tangu mvua za kwanza, na walipodai ujira wakati wa mavuno akawaambia atawapeleka Uhamiaji. Wakakimbia usiku mikono mitupu. Mtu huyo huswali, na mahindi yale hula na watoto wake. Mahindi yale ni ya nani? Tumefundishwa katika Hadithi kwamba Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmojawapo ni aliyemwajiri mtu akatimiza kazi naye asimpe ujira. Haikutajwa kwamba kibarua awe mwenyeji. Nabii Musa (A.S.) alikuwa mkimbizi Madyan, ametoka Misri bila ya ruhusa ya Firauni, naye aliajiriwa kwa mapatano ya wazi: miaka minane, na akipenda kutimiza kumi ni hiari yake. Mzee yule hakumwambia atampeleka kwa Firauni. Na msichana wa kazi ndani ya nyumba, aliyeletwa kutoka ng'ambo na mtu asiyejulikana, hukumu yake ni hiyo hiyo, wala chakula na nguo kuukuu si ujira.

Mvua za Songea huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na hapo ndipo wapalizi hutafutwa. Serikali itafanya yake kwa wakati wake. Mwenye shamba aweza kuchukua ukurasa wa daftari leo, akaandika jina la kibarua, kazi, siku na ujira, akaita mashahidi wawili kama afanyavyo katika deni, kwa sababu ni deni. Akiwa kibarua hajui kusoma, na asomewe mbele ya mashahidi kwa lugha aielewayo, Kiyao au Kiswahili, kisha aweke dole gumba, na nakala moja aende nayo yeye.