Panya Niliyemdharau

Sisi wa Mbinga tulipokuwa wavulana tulimjua panya buku kwa mambo mawili tu: kutuibia mahindi na karanga, na kutiwa chunguni. Kama mtu angaliniambia ya kuwa siku moja mnyama huyo atamtendea mdogo wangu mema kuliko mimi nduguye, ningalicheka sana. Leo sicheki.

Mdogo wangu alikuwa mvuvi wa dagaa huko Mbamba Bay. Mwaka mmoja alipanda kwetu milimani wakati wa kuchuma kahawa, naye anakohoa. Kikohozi hakikukoma. Alikonda, na usiku alitoka jasho hata shuka ikalowa. Majirani wakanong'ona: huyu ametupiwa kitu na wenzake wa ziwani. Nami, nasema kwa aibu, nilinong'ona pamoja nao. Nikamtengea sahani na kikombe, nikamwambia alale ghalani. Lakini kumpeleka kupimwa sikumpeleka, maana kahawa ilikuwa imeiva na mikono ilikuwa michache. Mama alinitazama tu, asiseme neno. Mwisho mdogo wangu akaaga, akaenda Morogoro kutafuta kibarua.

Huko mwenyeji wake alimpeleka zahanati. Makohozi yakapimwa kwa darubini, akaambiwa hana kifua kikuu. Akarudi kazini, anakohoa vile vile. Baada ya siku chache akafuatwa: "Makohozi yako yamepimwa tena, ugonjwa umeonekana." Akauliza, ameuona nani? Akajibiwa, "Panya."

Aliponipigia simu kunieleza hayo, nilidhani homa imempanda kichwani. Kumbe ni kweli tupu. Mbelgiji mmoja, Bart Weetjens, aliwaza katika miaka ya 1990 ya kuwa pua ya panya yaweza kutafuta mabomu yaliyofukiwa ardhini. Tangu mwaka 2000 shirika lake, APOPO, hufundisha panya buku Morogoro, pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mafunzo huchukua miezi tisa hivi. Panya akinusa sawasawa husikia mlio mdogo, kisha hupewa ndizi au karanga. Wale wa mabomu hufundishwa harufu ya dawa ya kulipua, na kwa wepesi wa miili yao hawalipui bomu wakilikanyaga. Walisaidia kusafisha ardhi ya jirani zetu wa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, hata mwaka 2015 nchi ile ikatangazwa kuwa imeondolewa mabomu hayo. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alifanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na chama cha Uingereza cha kutibu wanyama.

Tangu mwaka 2007 panya wengine hunusa makohozi. Kwanza makohozi hupashwa moto ili viini vife na harufu ibaki. Panya hupita juu ya matundu yaliyopangwa; akinusa ugonjwa, husimama hapo. Makohozi 100 huyamaliza kwa dakika 20 hivi, kazi ambayo mtu mwenye darubini angeifanya kwa siku kadhaa. Walakini panya hatoi hukumu peke yake. Alichoonyesha hupimwa tena na wataalamu.

Wengine huunda vijidude vya kazi kama hiyo kwa mikono yao. Mwaka 2013 Joseph Wang na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha vijimashine vyembamba kuliko unywele, viendavyo majini kwa mapovu yao wenyewe. Hukoroga maji hata sumu ya jamii moja na dawa fulani za kuulia wadudu ikavunjika upesi. Kazi hiyo ilifanyika maabara. Sisi tunaoosha bomba za kupulizia kahawa kijitoni tusivingoje vitusafishie. Tuache kuziosha humo.

Maana nimejifunza neno moja. Panya hunusa tu. Kuua viini ni kazi ya vidonge, na kumeza vidonge ni kazi ya mtu. Mdogo wangu alirudi kwetu na karatasi yake ya matibabu. Safari hii nilimpa chumba chenye dirisha, nasi sote wa nyumbani tukaenda kupimwa. Mwezi wa pili aliona nguvu, akataka kuacha dawa. Mama akasema, "Aliyevuka nusu ya mto hajavuka." Kila asubuhi nilimpa vidonge mkononi, nikangoja ameze, mpaka miezi 6 ikatimia. Akapona. Siku ile nikamwomba radhi kwa habari ya sahani na ghala. Akanijibu, "Kaka, yamekwisha." Kwangu hayajaisha kabisa.

Basi wazazi wenzangu, mtu wa nyumbani akikohoa wiki mbili au zaidi, msimtafute mchawi, wala msingoje kahawa iishe. Mpelekeni hospitali, dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Akiambiwa hana ugonjwa, naye anaendelea kukohoa, mrudisheni. Panya wale wako mbali na Mbinga, lakini kikohozi cha mdogo wangu hakikuhitaji pua ya panya. Nilikisikia kila usiku, ukuta mmoja tu kati yetu.