Mpwa Wangu, Achana na Watafuta Rupia

Kilwa Masoko

Mpwa wangu,

Shikamoo yako nimefikishiwa na utingo wa basi, marahaba. Mama yako hajambo, uvimbe wa mguu umepungua. Dada yako amejifungua mtoto wa kike na wewe hujapiga simu hata ya kumpongeza. Hayo tutazungumza ukija.

Ninaandika kwa sababu ya neno nililoambiwa tulipotoka kuswali Ijumaa. Mtu mmoja aliyetoka huko bara amekuona na watu wenye gari, mnazunguka karibu na boma la zamani la Mjerumani, mmoja wenu kabeba ile mashine inayolia ikikuta chuma ardhini. Anasema kijiji kizima kinajua mnatafuta rupia. Nilimwambia amekufananisha. Akanieleza jinsi huyo kijana anavyochuchumaa kutazama udongo kabla hajaukanyaga. Hilo nilikufundisha mimi, nikakosa la kumjibu.

Habari za rupia si ngeni kwangu. Tangu vita vya 1914 watu wanaamini kwamba Mjerumani alipokimbia alifukia masanduku, na kila kizazi kinazaa wenye ramani. Lakini jiulize hao wanakutakia nini. Mikono ya kuchimba wanayo. Wanamtaka mtu anayetambua udongo uliowahi kuguswa na udongo uliolala tangu zamani, anayejua nyumba ya mawe iliweka ghala upande gani. Wanataka kununua macho yako, na macho hayo niliyalipia kwa kuuza hisa yangu ya jahazi. Baba yako, Mungu amrehemu, alisema mbele ya watu harusini kwamba mtoto wa kiume haendi chuo kikuu kusomea vigae. Nilinyamaza, kisha nikalipa ada.

Kabla hujazaliwa walikuja watu wa namna hiyo hapa kwetu, pamoja na mganga wao. Ng'ambo ya ghuba palikuwa na mahame ambayo wazee waliyaheshimu: msikiti mdogo wa mawe ya matumbawe, paa limeanguka, lakini kibla imesimama na nakshi zake, na nyuma yake makaburi. Mganga akasema hazina iko chini ya kibla. Wakawalipa vijana wa kijijini wachimbe usiku kwa taa za karabai. Usiku wa kwanza wakavunja sakafu ya chokaa. Usiku wa pili wakaingia chini ya ukuta, na karibu na alfajiri kibla ikashuka yote, ikambana kijana wa jirani yetu mguu. Yule fundi viatu uliyemkuta akichechemea, ndiye. Wenye gari waliondoka kabla hajatolewa kwenye kifusi.

Nilifika asubuhi. Vigae vya kijani vya Kichina, shanga za kioo, mifupa ya samaki, mkaa, vipande vya nakshi, na mifupa ya watu kutoka kaburi la karibu, vyote vimechanganywa na makuti ya juzi. Rupia hata moja haikuonekana. Miaka ikapita, wakaja wataalamu kutaka kujua msikiti ule ulijengwa lini, na mimi ndiye niliyewaongoza. Mkaa ulikuwapo tele, na maabara zinaweza kuupima umri wake. Lakini nani angesema huu ni mkaa wa waliojenga, au wa waliokaa pale baada yao? Waliandika ukurasa mmoja wakaondoka. Watu waliosali pale wamepoteza karne yao, na hakuna atakayewarudishia, hata akija na fedha za dunia nzima.

Wewe unayajua haya kwa vitabu, lakini nataka uyapime na zile rupia. Mwaka 2011, pale kisiwani Songo Mnara, sarafu za shaba za Kilwa zaidi ya 300 zilikutwa zimezikwa pamoja ndani ya nyumba ya mawe. Ukizipeleka sokoni hazikununulii hata baiskeli. Lakini kwa kuwa zilikutwa zilipowekwa, tabaka linajulikana na kila kilicholala nazo kimeandikwa, wataalamu waliweza kusema kwamba baadhi ya sarafu ambazo zamani walizikisia umri tu, ni za kuelekea mwisho wa karne ya 14 na mwanzo wa karne ya 15. Sarafu ya Sultani wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga jumba la Husuni Kubwa, ilichimbuliwa Zimbabwe Kuu, na hiyo moja ikasaidia kujua mji ule ulikuwa hai wakati gani. Sasa chukua zile sarafu tano za Kilwa ambazo askari wa Australia, Maurie Isenberg, alizikuta mchangani katika visiwa vya Wessel mwaka 1944. Akaziweka ndani ya kopo, na hazikupelekwa kwa wataalamu mpaka 1979. Tangu hapo wanabishana zilifikaje kaskazini ya Australia. Ni sarafu za mji uleule wa Kilwa. Simlaumu askari, hakufundishwa. Wewe umefundishwa.

Hata sisi tunaochimba kitaalamu tunaharibu, ndiyo maana tunafunga kamba za mraba, tunakwangua kwa mwiko, tunapitisha kila karai kwenye chekeche, na tunaacha sehemu bila kuigusa kwa ajili ya watakaokuja na vifaa bora kuliko vyetu. Mwenye ile mashine inayolia hamwachii mtu kitu. Akisikia mlio anatoboa mpaka chini, na kila alichokipita njiani kimekufa. Na Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964. Huchimbi mahame bila leseni. Wakikamatwa wao watasema hawajui. Wewe utasema nini?

Najua njaa ya kusubiri kazi. Ulihitimu, ukazungusha barua, hakuna aliyekujibu. Usidharau kazi ya tathmini: barabara na mabomba ya mafuta yanahitaji watu wa kukagua njia kabla matrekta hayajapita, na huko kijana mwenye cheti huchukuliwa. Jifunze Kiarabu vizuri, maandishi ya makaburini hayakungoji. Andika daftari jioni ileile, usiseme kesho. Lala ndani ya chandarua.

Na ukipata shimo lako mwenyewe, andika majina ya vibarua. Kuna kitabu kikubwa, sitakitaja, chenye picha yangu nikiwa ndani ya shimo nililolichimba kwa mikono hii, na chini yake pameandikwa tu mfanyakazi wa kienyeji. Kamoya Kimeu wa Kenya alianza kama kibarua wa watafiti akina Leakey, na mwaka 1984, karibu na Ziwa Turkana, ndiye aliyeona kipande cha fuvu kilichowafikisha kwenye mifupa ya kijana aliyeishi takribani miaka milioni moja na nusu iliyopita. Jina lake linajulikana duniani kwa sababu liliandikwa. Magofu yetu haya ya Kilwa yalipotolewa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2014, baada ya miaka kumi, hotuba zilikuwa nyingi, ila waliochoma na kupaka chokaa sikuwasikia wakitajwa. Nilikuwa mmoja wao, na kuta zile zimesimama.

Narudi kwenye lililonifanya niandike. Nijibu kwa mkono wako: ulikuwa nao au hukuwa nao? Kama ulikuwa nao, kuna kitu kilichotolewa ardhini? Kama kipo, usikiuze, usikioshe, na usimpe yeyote akutunzie. Andika kilipotoka, kwa kina gani, na kililala na nini, maadamu bado unakumbuka, kisha kilete. Nitakwenda nawe kwenye ofisi ya Mambo ya Kale na nitazungumza mimi kwanza. Nauli nimeiacha kwa shangazi yako Lindi.

Mama yako sijamwambia. Lakini mwezi wa Ramadhani ukiandama kabla sijapata jibu, nitapanda basi mwenyewe, na kijiji hicho nitakiingia nikikuuliza kwa jina.

Mimi mjomba wako