Mvua ya Mawe

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilishiriki mbio za nyika. Katikati ya mashamba ya chai, mvua ya mawe, mgeni wa kila mara huku kwetu Kericho, ikatushukia. Vidole vilikufa ganzi, wenzangu wakanipita, nao moyo ukaninong'oneza, "Rudi, huwezi."

Nikamkumbuka Wilson Kiprugut wa hapa hapa Kericho. Mwaka 1964, huko Tokyo, alikuwa wa tatu katika mbio za mita 800, akaipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki. Hakuwa na Mkenya aliyemtangulia kutwaa medali hiyo wa kumtia moyo.

Basi nikajiambia: hadi mkaratusi ule, kisha ule wa pili. Nilifika wa mwisho, lakini nilifika. Shaka ilinifuata njia nzima. Hata hivyo, miguu ilikuwa yangu.