Usilitupe Birika, Lipeleke Kamukunji

Msomaji mpenzi, bila shaka hali hii waijua. Wageni wameketi sebuleni, vikombe vimepangwa juu ya kitambaa cheupe, nawe wamimina chai. Nyingine yaingia kikombeni, nyingine yateremka chini ya mdomo wa birika na kudondoka mezani, tone baada ya tone. Mgeni ajifanya haoni. Wewe wajifanya umeitwa jikoni.

Birika langu la aluminiamu lilianza ukorofi huo baada ya kuanguka sakafuni. Majirani walinishauri nilitupe, kwani chupa za chai za bei nafuu zimejaa madukani. Lakini birika hilo niliachiwa na marehemu mama, na chai ya utotoni mwangu yote ilitoka humo. Jumamosi moja nililifunga kwa gazeti, nikashika njia ya Kamukunji.

Ukitaka kufika huko, fuata Barabara ya Landhies, upite stendi ya mabasi ya Machakos na kuelekea upande wa Gikomba. Huna haja ya kuuliza njia, masikio yatakuongoza. Mlio wa nyundo juu ya bati husikika kabla hujamwona fundi hata mmoja. Wengi hulijua jina la Kamukunji kwa sababu ya uwanja wake, ambako mkutano wa Saba Saba uliitishwa tarehe 7 Julai 1990. Lakini hapa ndipo pia yanapotengenezwa masanduku ya bati ya wanafunzi wa shule za bweni, majiko ya makaa, makarai na toroli.

Mafundi hawa waliitwa jua kali kwa sababu walifanya kazi nje, jua likiwachoma utosini. Mwaka wa 1972, Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyoonyesha kwamba kazi kama hizi zina manufaa kwa uchumi, wala si za kudharauliwa.

Nilimkabidhi birika mzee mmoja aliyeketi kwenye kibao. Hakukimbilia nyundo. Alilijaza maji, akamimina polepole, kisha kwa nguvu.

"Umeona, dada?" akaniuliza. "Ukimimina kwa woga, maji hayajui pa kuachia. Huu mdomo umevimba kama wa mtoto aliyenyimwa andazi."

Naam, mzee alikuwa amesema yale yaliyowashughulisha wataalamu kwa miaka mingi. Mwaka wa 1956, mwanasayansi Markus Reiner aliandika kuhusu tabia hii ya chai kung'ang'ania mdomo wa birika. Mwaka wa 2009, watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba mambo makubwa ni matatu: kasi ya kumimina, wembamba wa ukingo wa mdomo, na jinsi chai inavyoshikamana na kitu kilichotengeneza birika. Ukingo ukiwa mnene na wa mviringo, chai hupata njia ya kuuzunguka na kurudi nyuma. Ukiwa mwembamba, hukatika na kwenda zake kikombeni.

Mzee alinyoosha mdomo kwa plaisi, akausugua upande wa chini kwa tupa hadi ukingo ukawa mwembamba, kisha akaulainisha kwa msasa usije ukakata mtu. Mwishowe alichukua msumari akazibua kitundu cha kifuniko, kilichokuwa kimezibwa na masalia ya majani ya chai. Hewa isipoingia hapo, chai hutoka kwa kusitasita.

Alipokuwa akifanya kazi, aliniambia kwamba wanaoleta vitu kutengenezwa wamepungua. Wengi huja kununua vipya tu. Kijana aliyekuwa akimsaidia alipanga makarai ya kuuza, hakutazama tupa hata mara moja. Nikajiuliza, mzee huyu akistaafu, birika la mama litapelekwa kwa nani?

Msomaji, kama birika lako ni la madini, peleka likasuguliwe, kisha ulioshe vizuri na kumwaga maji ya kwanza utakayochemsha. Kama ni la kauri, usiliguse kwa tupa. Paka siagi kidogo sana chini ya mdomo, kwa maana mafuta na chai havipatani. Kwa vyovyote vile, usilijaze pomoni, na unapomimina usisitesite.

Na ukienda, nenda na watoto. Waache wamtazame fundi akijaribu maji kabla ya kushika chombo chake. Hilo ni somo la sayansi lisilohitaji karo.

Jumapili iliyofuata shangazi alikuja kututembelea. Alilitazama birika kwa muda, akalitambua, akaomba amimine mwenyewe. Kitambaa kilibaki cheupe.