Mashine Iliyokataa Kuamka

Msomaji mpenzi, ikiwa umewahi kuingia katika chumba cha Chama chetu cha Kiswahili, kile kilicho ubavuni mwa maktaba, bila shaka umekiona kipakatalishi cheusi juu ya meza ya katibu. Mabwenini hukiita laptopu tu, nami sina ugomvi na yeyote. Kilitujia kikiwa kimekwisha kutumiwa na wengine huko ng'ambo, kona moja imechubuka, lakini tulikipokea kwa vifijo kama bibi harusi. Kabla yake makala ya jarida hili yalikuwa yakiandikwa kwa mkono na kupelekwa mjini kuchapwa, na huko mjini kila ukurasa una bei yake.

Kazi tuliipanga hivi. Sisi waandishi tulikitumia usiku, wakati wa prepu, hadi kengele ya saa tatu u nusu. Alfajiri, saa kumi na moja, mchapaji wetu aliingia, akakifungua na kuendelea pale tulipoachia. Mchapaji huyo alikuwa kijana wa kidato cha pili, mpole, mwenye vidole vyepesi ajabu. Jina lake silitaji, kwa sababu utakayoiona.

Matatizo yalianza mwezi wa Juni, mwaka 2025. Kijana akifungua kifuniko alfajiri, taa inawaka, picha inatokea, maandishi yale yale ya jana yanaonekana, lakini ukigusa kitu chochote, kimya! Kipanya hakisogei. Saa ya pembeni inaonyesha dakika ile ile hata ukingoja robo saa. Dawa ilikuwa moja, kukibonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia hadi mashine izime kabisa, kisha kuiwasha upya. Na hapo, chochote ambacho hakikuwa kimehifadhiwa kilikuwa kimekwenda na maji.

Mwanzoni tulilaumu stima. Wewe unayekaa Kakamega unaijua mvua yetu ya alasiri: radi inapiga upande wa msituni, mabati yanalia, taa zinazimika na kuwaka mara tatu, halafu giza. Ilikuwa rahisi kusema mashine imepigwa na radi. Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya nitafute mtu wa kulaumu badala ya radi.

Nilikuwa nimepata ruhusa ya kumtembelea mzee mmoja pale Rosterman, nje kidogo ya mji wetu. Wengi tunapita huko bila kujua kwamba dhahabu iligunduliwa Kakamega mwaka 1931, na kwamba wageni walimiminika hapa kwa mamia wakipiga mahema na kuchimbua mashamba ya watu. Baba yake mzee huyu alikuwa mfanyakazi katika mgodi. Alinieleza jinsi baba yake alivyoshuka ardhini asubuhi na kupanda jioni, na jinsi alivyokohoa usiku. Alinieleza kwa saa mbili nzima, akitua na kuimba kidogo na kucheka. Katika daftari niliandika vidokezo tu, maana nilitaka kumtazama. Usiku ule ule nilichapa kurasa tatu kabla hayajanitoka kichwani. Kengele ikalia, nikafunga kifuniko, nikaenda kulala.

Alfajiri mashine iliganda. Kurasa zangu tatu hazikuonekana tena.

Nilikasirika, tena sana. Katika mkutano wa kamati, Ijumaa hiyo, nilisimama na kusema kwamba kila mara mashine ilipoganda, mtu aliyekuwa ameishika alikuwa mmoja. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa. Mara sita kati ya sita! Mwanakamati mmoja akaongeza kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwingine akasema kijana ana "mkono mbaya", watu wakacheka. Yeye alisema maneno machache ambayo sikuyatilia maanani. Tulipiga kura, naye akaondolewa katika uchapaji. Tangu siku hiyo alihudhuria mikutano akiketi nyuma karibu na dirisha, hanung'uniki, hasusi.

Kazi ya kuchapa akapewa mwanafunzi wa kidato cha nne, ambaye aliifanya saa kumi jioni. Usiku, mwalimu mlezi wa chama akawa anakizima kipakatalishi na kwenda nacho nyumbani kwa usalama. Na je, unajua? Kwa muda wa wiki moja hakikuganda hata mara moja. "Si mnaona!" tukaambiana. Kama ungeniuliza wakati huo ningekuapia.

Wiki ya pili mlezi wetu alisafiri kwenda semina. Jumamosi usiku mimi mwenyewe nilifunga kifuniko, nikakifungia kipakatalishi kabatini, ufunguo nikautia mfukoni. Jumapili alfajiri, kabla ya ibada, nikakifungua kwa mikono yangu hii. Taa ikawaka. Picha ikatokea. Kipanya hakikusogea.

Niliketi pale kwa muda mrefu nikiitazama saa ya pembeni isiyosonga. Hakukuwa na mtu mwingine chumbani.

Jumatatu nilimwendea mwalimu wetu wa somo la tarakilishi. Sikumweleza habari za kijana, nilimweleza habari za mashine tu. Aliniuliza, "Umebadilisha nini, na umebadilisha vingapi kwa wakati mmoja?" Sikuwa na jibu. Akaniagiza nichukue daftari, niandike kila mara tunapofunga na kufungua: saa ngapi, waya wa chaji umo au haumo, diski mweko imechomekwa au la, na kila siku nibadilishe jambo moja tu. Aidha, alinifundisha kipimo kimoja rahisi. Mashine ikiganda, bonyeza kile kitufe cha herufi kubwa chenye taa ndogo. Taa ikiitika, ubongo u hai na huenda ni kiwambo tu kilichokufa. Isipoitika, basi mashine nzima imekwama. Yetu haikuitika.

Tukaanza. Tuliifunga kwa dakika tano, ikaamka vizuri. Nusu saa, vizuri. Wakati wa chakula cha mchana, vizuri. Tuliondoa diski mweko, hakuna tofauti. Tuliacha waya wa chaji umechomekwa, kisha tukauondoa, hakuna tofauti. Lakini kila ilipolala usiku kucha, ikaganda.

Hapo mwalimu akanieleza jambo ambalo sikulijua, ingawa nilikuwa nikifunga kifuniko kile kila siku. Kulala kwa mashine hakuko kwa namna moja. Kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa utaratibu wa mambo hayo mwezi wa Desemba 1996, na ndani yake mmepangwa viwango vya usingizi. Kuna usingizi mwepesi, ambapo karibu kila kitu kinazimwa isipokuwa kumbukumbu ya muda, ile inayoshika kazi unayofanya. Hiyo huendelea kunyonya stima kidogo kidogo, na ndiyo maana mashine huamka upesi. Halafu kuna usingizi mzito. Hapo yote yaliyo katika kumbukumbu hunakiliwa kwenye diski na stima hukatwa kabisa. Ya kwetu ilikuwa imepangiwa kwamba ikisinzia kwa muda wa saa tatu, iingie katika usingizi mzito yenyewe. Hakuna aliyeiagiza miongoni mwetu. Ilikuja hivyo.

Basi mchana ilisinzia tu, na usiku ikalala fofofo! Kutoka saa tatu u nusu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa saba u nusu. Yeyote ambaye angeifungua alfajiri angekutana na mashine iliyoganda, awe mimi, awe wewe, awe mwalimu mkuu. Na wiki ile iliyokuwa shwari, ilikuwa shwari kwa sababu mlezi alikuwa akiizima kila jioni.

Mwalimu hakuridhika na maelezo, alitaka tuhakikishe. Saa kumi jioni, mbele yangu, aliiamuru iingie katika usingizi mzito papo hapo, bila kungoja usiku. Baada ya dakika moja tukaiamsha. Ikaganda. Sikumbuki kama nimewahi kufurahi na kufadhaika kwa pamoja namna hiyo.

Kwa nini ikaganda? Hilo lilitupeleka mjini, kwa fundi mmoja mwenye kibanda kidogo karibu na stendi, ambaye wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro humletea mashine zao. Alisikiliza daftari langu likisomwa, akatabasamu. Alisema mashine ikiamka, kila kiungo huambiwa kirudi kazini, na kila kiungo kina programu yake ndogo ya kukiongoza, wao huiita draiva. Mmoja asipoitika, wengine wote wanamngojea kama mkutano usio na mwenyekiti. Draiva ya picha iliyokuwa ndani ya yetu ilikuwa ya aina nyingine ya mashine. Aliyeitengeneza upya kabla haijauzwa alitia ile aliyokuwa nayo. Fundi aliiondoa, akaweka ile inayolingana na mashine yenyewe, akatulipisha shilingi mia tano. Tangu hapo tumeijaribu usiku mwingi na imekuwa ikiamka. Mara moja tu iliganda tena, nasi tukaamua kuufuta usingizi mzito kabisa, na sasa kila mtu huhifadhi kazi yake kabla ya kufunga, kwa sababu betri ikiisha usiku hakuna cha kumlilia.

Nilirudi Rosterman kwa mzee. "Mjukuu wangu, si nilikwisha kukuambia?" aliniuliza. Alinisimulia tena, lakini kwa kifupi, kama mtu anayetoa ushahidi. Hakuimba. Yaliyomo katika ukurasa mwingine wa jarida hili ni masimulizi hayo ya pili.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko draiva. Nilifungua kitabu cha kumbukumbu za mikutano ili niandike kwamba uamuzi wa kamati umebatilishwa, nikasoma kumbukumbu za Ijumaa ile. Mimi ndimi katibu, mwandiko ni wangu. Nimeandika hivi: "Mchapaji alisema mashine huganda asubuhi tu, mchana haigandi, na kwamba huenda ni kwa sababu hulala muda mrefu. Aliambiwa asilete visingizio." Aliyemwambia hivyo sikumwandika. Nilikuwa mimi.

Nilimkuta nyuma ya bweni akifua soksi. Nilimweleza yote, nikamwomba radhi. Alisuuza soksi ile, akaikamua, akaianika.

"Nilikuwa nimewaambia, Katibu," alisema.

"Najua. Niliandika."

Amerudi kwenye kazi yake, na insha hii ameichapa yeye. Alipofika pale penye kumbukumbu za mkutano aliinua uso, akaniuliza kama kweli nataka na maneno hayo yachapishwe. Nikamwambia achape. Akahifadhi kwanza, kisha akachapa.